Mwaka wa Jenereta ya Opio

Opio alikufa katikati ya mvua, na kabla gari halijamchukua kumrudisha kwao kupitia Nimule tulimwombea kwanza hapa Munuki, Juba, katika kanisa alilokuwa akilisaidia kwa viti na soda. Nilikaa benchi la tatu. Wimbo ulipoanzishwa nilifungua mdomo kama wenzangu, nikausogeza juu na chini, na hakuna kilichotoka. Ndivyo nilivyoimba miaka zaidi ya kumi na tano: midomo tu. Nimewazika watu wangu hivyo. Risasi za mji huu zimenipita mara mbili, mara zote mbili nikatoka hai na kuwaacha wengine chini, na makaburini nilisimama nikichezesha midomo kama samaki. Watu wakadhani ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini siyo iliyonifunga mdomo. Mtu mmoja alisema siku moja kwamba sikio langu ni bovu na sauti yangu haifai, mtu wa pili akasema sawa, na mimi nikawaamini wote wawili. Wa kwanza anaitwa Festo Lubari. Namtaja kwa jina lote kwa sababu yupo hai, anakula vizuri, na mwenyewe amelipenda jina hilo hata akaliandika mahali pasipokuwa pake. Wa pili anaitwa Taban. Siku ile ya Opio alikuwa amesimama mbele ya kanisa na gita, kichwa kimekuwa cheupe, na nilipomwona moyo wangu ulifanya mambo mawili kwa pamoja, na mpaka sasa sijaweza kuyatenganisha: ulitaka kumkimbilia, na ulitaka kumtemea mate.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule yangu iliishia darasa la nne, kambini Uganda, chini ya turubai. Kiswahili nilikiokota sokoni Koboko kabla hatujarudi nyumbani, na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu mwaka ninaoueleza hapa tuliuishi kwa Kiswahili. Opio alikuwa Mganda wa mashariki, Kiarabu cha Juba kilimshinda kabisa. Taban alikuwa na Kiarabu na Kiswahili cha Arua. Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia tu. Basi tukakutana katikati. Mwaka wenyewe ni ule uliotangulia kura yetu ya kujitenga na Sudan, wakati Juba ilikuwa imejaa watu waliorudi na magodoro vichwani, kila mtu akitafuta kiwanja, kila mtu akisema mwakani, mwakani. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, mwenye kikaango changu na jiko langu la mkaa, na sikumngoja mtu.

Duka la Opio lilikuwa Munuki, karibu na steji ya boda boda. Lilikuwa chumba kimoja cha bati mbele na chumba kingine cha bati nyuma, na ukutani alikuwa ameandika kwa mkono wake, rangi ya bluu, BARIDI SANA. Huo ndio ulikuwa utajiri wake: friji mbili na jenereta. Siku hizo umeme wa mji ulikuwa hadithi. Aliyekuwa na jenereta alikuwa na soda baridi, na aliyekuwa na soda baridi alikuwa na Juba nzima mlangoni pake saa nane mchana, jua likiwa limekaa juu ya bati kama mtu mnene. Jenereta aliiweka nje, nyuma ya ukuta wa chumba cha pili, amejenga kibanda juu yake kwa mabati mabovu. Mimi nilikuwa nakaanga ligemati mbele ya duka, vile vidonge vya unga vinavyoliwa na chai, kwa sababu watu walionunua soda walinunua na cha kutafuna. Nilikuwa naimba nikikaanga. Sikuimba ili nisikiwe. Mafuta yakilia na mtu naye anaitikia, ndivyo ilivyo.

Taban aliendesha boda boda kwenye steji ile. Alikuwa akija kula ligemati bila kushuka kwenye pikipiki, mguu mmoja chini, gita limefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Siku moja akaniambia, "Ukti, hiyo uliyoimba jana, ile ya mlango, rudia." Ukti ni dada yangu, ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza.

Nikamwambia, "Jana ni jana. Nunua au sogea, unanizibia wateja."

"Nanunua. Imba."

"Nunua kwanza."

Opio akatoa kichwa dukani. "Nyinyi watu, mimi iko nasikia hii kelele kila siku. Ingieni huku nyuma, mniachie mlango."

Hivyo ndivyo bendi ilivyozaliwa, kwa kufukuzwa mlangoni. Chumba cha nyuma kilikuwa na kreti za soda mpaka darini, picha ya mchezaji mpira iliyokatwa gazetini, godoro la Opio limekunjwa pembeni, na kamba iliyokuwa na mashati yake mawili. Tulikaa juu ya kreti. Opio akatafuta ndoo ya rangi na kreti tupu, akaanza kupiga kwa vijiti vya kukorogea uji, na tukagundua kwamba mtu huyu mnene, ambaye alipokuwa akitembea ungedhani kila mguu una shughuli yake, akiwa amekaa ana mapigo safi kama saa. Alikuwa anapiga, anasikia mteja, anaruka, anauza, anarudi, na anaingia tena pale pale alipotakiwa kuingia. Sijaona mtu mwingine kama yeye.

Shida ilikuwa gita. Lilikuwa na nyuzi sita na hakuna cha kuzipimia. Watu wa kanisa wana kinanda, wanabonyeza, wanakaza uzi mpaka sauti zilingane. Sisi hatukuwa na kitu. Taban alikuwa anakaza kwa kubahatisha, leo juu, kesho chini, na mimi nilikuwa namfuata mpaka koo linauma. Mchana mmoja akanyamaza, akainua kidole, akaweka sikio kwenye bati la ukuta.

"Sikilizeni. Hiyo inaimba."

"Nini inaimba?" Opio akauliza.

"Jenereta. Ina sauti moja tu. Haibadilishi."

"Hiyo haiimbi, hiyo inakunywa mafuta yangu."

Lakini Taban alikuwa ameshafumba macho. Akakaza uzi mnene taratibu, na sisi tukisikia sauti mbili zikigombana, wau-wau-wau, halafu zikipunguza ugomvi, halafu zikawa moja. Akapiga uzi na chumba kizima kikaitikia, chupa kwenye kreti zikatetemeka. Opio akasema, "Yesu wangu." Kuanzia siku hiyo hatukufanya mazoezi ila jenereta iwe imewashwa. Ilikuwa ndiyo mwalimu wetu. Tukiingia tu, Taban anaegemea ukuta, anapima, anasema, "Jenereta imesema," na tunaanza. Friji ya pili ikiwaka sauti ilizama kidogo, na wimbo wote ulizama nayo kama gari likiingia shimoni, kwa hiyo Opio akajifunza kuchomoa friji hiyo kabla ya kiitikio. Wateja walilalamika. Namkumbuka askari mmoja akipiga kelele dirishani, "Ya zol, bwana wewe, soda yako ni ya moto!" Opio, vijiti mkononi, akajibu bila kuinuka: "Kunywa tu, baridi iko kwa wimbo." Askari akacheka mpaka akakaa chini kwenye kreti, akasikiliza, akanywa ya moto.

Nikikumbuka mwaka ule siukumbuki kwa mambo makubwa. Watu waliandikishwa kura, wanasiasa walipita na vipaza sauti, na sisi tulikuwa ndani tukigombania mstari mmoja. Nakumbuka chakula. Opio alipika posho na maharage siku zote sita, na siku ya saba nilileta kisra, ile mikate myembamba ya mtama, na bamia kavu, na kila mara alisema hivi vitambaa vyenu nakula vipi, halafu anakula tano. Nakumbuka Taban akichambua mifupa ya samaki na kuniwekea nyama upande wangu wa sahani, akiendelea kuongea kama vile mkono si wake. Watu wa steji walisema sisi ni wapenzi. Hatukuwa. Ningejua namna ya kulieleza hilo ningelieleza. Alikuwa mtu ambaye nikianza sentensi sikulazimika kuimaliza.

Wimbo wenyewe ulikuwa ule wa mlango. Nilikuwa napanga chumba ambacho mlango wake ulikuwa wa bati, na mtu akibisha mtaa mzima unajua una mgeni. Nikautungia:

*Gonga polepole, mlango wangu ni wa bati,*
*ukigonga kwa nguvu mtaa wote unaamka,*
*gonga kwa kidole, mimi nakusikia,*
*tangu ulipo njiani mimi nakusikia.*

Taban ndiye aliyesema nianze peke yangu, bila gita, bila ndoo, mistari yote minne, halafu wao waingie. "Watu wakusikie wewe kwanza," alisema. "Sisi tutakukuta." Na walinikuta kila siku. Sauti ya kuanzia sikuitafuta. Jenereta ilikuwa ukutani, ilikuwa kwenye kreti niliyokalia, ilikuwa kwenye meno. Baada ya miezi michache hata ikiwa imezimwa, hata nikiwa kisimani, nikifungua mdomo nilianzia pale pale. Ilikuwa imeniingia mifupani. Tuliimba kwenye ubatizo mmoja na harusi mbili, na kila mahali tulikwenda na jenereta ya Opio juu ya mkokoteni, kwa sababu ya umeme, watu wakadhani. Tulijiita Baridi Sana, kwa sababu jina lilikuwa limeshaandikwa ukutani na rangi ilikuwa imekwisha.

Festo Lubari alikuja wakati mahindi yalikuwa yamefika magotini. Alitoka Kampala, amevaa viatu vya kufunga katika vumbi lile, na chini ya kwapa alikuwa na kinanda kilichofungwa kwa blanketi. Alikuwa amesomea muziki chuoni, alisema, na alikuwa anamjua mtu mwenye chumba cha kurekodia karibu na soko la Custom. Alitusikiliza mara moja akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa kupendeza, siwezi kusema uongo. Alicheka na Opio, alimwita Taban profesa, na mimi aliniita mama mkubwa, ingawa alinizidi umri. Akafungua blanketi, akatafuta sauti yetu kwenye kinanda. Akabonyeza kitufe cheupe, akatingisha kichwa. Akabonyeza cheusi, akatingisha. Akarudi kwenye cheupe.

"Hii kii yenu, hii sauti mnayoanzia, ni ya nchi gani?" akauliza. "Mmeangukia katikati. Haipo."

"Ipo," Taban akasema, akaonyesha ukuta. "Hiyo hapo."

Festo akacheka sana. Tukacheka na sisi. Ninaona aibu kwamba nilicheka.

Leo naweza kueleza kilichotokea, wakati ule nisingeweza. Jenereta haijui vitufe. Ilikuwa inaguguma mahali pake, kati ya kitufe na kitufe, na sisi tulijenga nyumba yetu pale. Kinanda hakikuweza kushuka kutufuata, au kiliweza na Festo hakutaka kutafuta namna. Akamwambia Taban akaze gita lifuate kinanda. Taban akakaza, kwa gita ni kazi ya dakika mbili. Ndoo ya Opio haikuwa na habari. Nikabaki mimi. Nikianza peke yangu, nilianzia kwenye mifupa yangu, na mistari minne ilipokwisha kinanda kiliingia pembeni yangu, na ilikuwa kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja. Festo alikuwa anainua mikono. "Mama mkubwa, uko nje ya kii."

"Rudia," nikasema. Tulirudia. Nilikuwa nje tena. Wiki tatu nilikuwa nje. Nyumbani nilikuwa nafunika kichwa kwa kanga mchana wa jua, naimba, nasikia ni sawa, nalia kwa furaha, nakwenda Munuki, naanza, wanaingia, niko nje. Na jenereta ile ile ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta wakati wote, ikinivuta, na hakuna aliyesema neno. Taban alikuwa anainamia nyuzi zake. Nikadhani ananionea huruma. Nikaanza kula kidogo. Siku moja nilimuuliza tukiwa wawili tu, nikipepeta unga, "Taban, nimeharibika nini?" Akasema, "Umechoka tu, ukti. Malesh, itapita." Malesh, yaani pole. Akanisaidia kubeba jiko.

Siku ya kurekodi tulikwenda asubuhi. Nilivaa gauni langu la kijani, nimelipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikakata. Chumba kilikuwa na magodoro ukutani kuzuia kelele za soko, na hapakuwa na jenereta ya kusikika. Nikaanza. Mistari minne. Mwenye mashine alikuwa anaitikia kwa kichwa, nakumbuka, mpaka kinanda kilipoingia, na kichwa chake kikasimama. Tukarudia mara tano. Festo akaniambia kwa upole kabisa nikapumzike nje, ninywe maji. Kulikuwa na benchi mlangoni. Mlango haukufungwa vizuri.

Nikamsikia. "Tusidanganyane. Yule mama sikio lake ni bovu. Hajaenda shule, si kosa lake, lakini tutapoteza siku nzima. Kuna binti wa kwaya anakaa hapa Hai Malakal, anasoma noti. Nimtumie boda sasa hivi?"

Opio akasema, "Lakini wimbo ni yake."

"Wimbo utabaki. Tunabadilisha sauti tu. Profesa, unasemaje?"

Nikangoja sauti ya Taban. Nilikuwa na chupa ya maji mkononi na sikuinywa ili nisikie vizuri. Ndani nikasikia uzi mmoja wa gita ukipigwa, ukikazwa, ukipigwa tena. Halafu akasema, "Sawa."

Hilo tu. Nilitembea kutoka Custom mpaka Munuki kwa miguu, na gauni langu la kijani, katikati ya malori na wauza nyanya, nikapita steji bila kusalimia, nikachukua kikaango changu mbele ya duka la Opio. Kesho yake nikahamia upande mwingine wa mji. Wimbo ulitoka redioni kabla ya kura, na sauti ya yule binti, ambaye simlaumu, aliimba alichopewa. Jina la bendi lilikuwa limekufa. Palikuwa na jina la Festo Lubari na neno la Kiingereza nyuma yake, na mtangazaji akisema huyu kijana ametunga mwenyewe. Niliusikia kwa kinyozi, niliusikia kwenye simu ya mtu akipita, niliusikia siku ya bendera mpya watu wakiucheza mabegani mwa wenzao. Kila mara nilisikia tu kwamba hauko nje ya kii. Taban alipiga naye miaka miwili, halafu na bendi ya hotelini, halafu na bendi ya kanisa, halafu na wengine walioanza vizuri na kuvunjika kwa vita. Habari hizo nilizipata kwa watu. Sikumwuliza.

Sasa nina meza Custom. Nauza bamia kavu, dagaa na karanga za kusaga, kati ya Mganda muuza sabuni na mama chai anayeitwa Kiden, mwanamke mwenye ulimi usiolala. Wiki mbili baada ya Opio kusafirishwa, saa nne asubuhi, Taban akaja. Alikuja kwa miguu, gita mkononi, akasimama mbele ya dagaa.

"Ukti."

"Dagaa au bamia?" nikamwuliza.

"Nataka kuamsha Baridi Sana. Zile nyimbo za kwanza, zirekodiwe zilivyokuwa. Kuna vijana wana mashine nzuri, hawataki kinanda. Wanataka wewe."

"Wanataka sikio bovu la nini?"

Kiden alikuwa ameacha kukoroga sukari. Taban akaketi kwenye kibenchi cha wanywaji chai, na alivyoketi nikaona magoti yake yamekuwa ya mzee. Akasema akiangalia chini, "Hukuwa nje. Hukuwahi kuwa nje hata siku moja. Ni sisi tulihama, wewe ukabaki kwenye jenereta."

Nilishika ukingo wa meza. "Hilo umelijua lini?"

Angeweza kusema mwaka jana. Angeweza kusema juzi, hospitalini, kwa Opio, na ningemwamini, na maisha yangekuwa rahisi kwetu wawili. Akasema, "Siku ile ile. Nilipokaza nyuzi kufuata kinanda, mkono wangu ulijua nimekaza kiasi gani. Nikakusikia unaanza, nikajua mara moja."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu."

"Nikakuuliza nimeharibika nini."

"Uliniuliza."

"Nikiwa na unga mikononi, Taban."

"Ningesema, Festo angechukua mpiga gita mwingine. Alishaniambia wapo. Sikuwa na kitu kingine ukti, ni pikipiki ya mtu na gita. Nikasema nitakuambia baadaye. Halafu ukahama. Halafu vita. Opio nilimwambia mwaka huu akiwa kitandani. Akageuka ukutani, hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu akasema, nenda kwa yule mama kabla hujafa kama mimi."

Nimewahi kuwaza sana nitamfanya nini Taban siku moja. Nilikuwa na maneno, niliyapanga miaka, nikiwa nachambua dagaa. Yote yalikimbia. Nilichokuwa nakiona ni wanangu wawili niliowalaza kimya tangu wakiwa wachanga, kwa kuwapigapiga mgongo tu, kwa sababu niliogopa kuwaharibu masikio. Wamekuwa wakubwa. Hawajui mama yao ana sauti. Festo aliniibia wimbo, na mwizi anajulikana ni mwizi. Huyu aliyeniwekea nyama ya samaki upande wangu wa sahani ndiye aliyeniacha nikae na uongo, na nikimwangalia pale, koti lake limekatika kifungo, nilitaka kukishona kifungo hicho. Hasira na kifungo, vyote kwa pamoja. Nikamwambia, "Simama."

"Nisimame?"

"Ulisema sawa mbele ya watu. Simama useme na hili mbele ya watu."

Alinitazama aone kama natania. Kisha akapanda juu ya kibenchi cha Kiden, mtu mzima yule, gita kifuani, katikati ya soko na makelele ya wapagazi. Akasema kwa Kiarabu kwanza, halafu akarudia kwa Kiswahili, kwa Waganda na Wakenya. "Jamani. Huyu mama anaitwa Rejina. Wimbo wa mlango wa bati mnaoujua, aliutunga yeye. Festo Lubari aliuchukua akasema ni wake, na akasema huyu hajui kuimba. Mimi nilijua ni uongo. Nilijua, na nikanyamaza."

Wapagazi wakasimama na magunia yao. Muuza sabuni akauliza, "Huyu amekunywa?" Mtu akasema hapana, ni mlokole, anatubu. Wengine wakacheka, si kwa ubaya. Taban alibaki pale juu, machozi yanamshuka hadi kwenye ndevu, hajui kama ashuke au aendelee.

Kiden akamkazia macho, kijiko mkononi. "Ya zol, unavunja kibenchi changu kwa maneno matupu. Sisi tutajuaje kama ni kweli?" Akanigeukia. "Rejina. Miaka tisa nakaa karibu na wewe, sijakusikia hata ukifukuza nzi kwa wimbo. Haya, imba tusikie."

"Sitaki."

"Basi anatudanganya na wewe unamsaidia."

"Kiden, niache."

"Mimi nimekuacha. Hao je?" Akaonyesha watu kwa kijiko. Walikuwa kama ishirini, na mwanamke mmoja alikuwa ameshusha beseni lake la maandazi ili asubiri vizuri.

Nilisimama nyuma ya dagaa. Sikumwangalia Taban. Nilifungua mdomo na kilichotoka kwanza kilikuwa kama kukohoa, mtu akacheka, Kiden akamkemea. Nikajaribu tena, na wakati huu ikatoka, nzito kuliko ilivyokuwa, imeparara pembeni, ya mwanamke aliyezika watu, lakini ilikuwa yangu na ilijua pa kwenda. Gonga polepole, mlango wangu ni wa bati. Muuza sabuni akazima redio yake. Nilikuwa katika mstari wa tatu pale mteja mmoja mgeni, asiyejua chochote, alipopenya katikati ya watu, akaweka kidole kwenye rundo la bamia na kuniuliza nauzaje. Akauliza mara ya pili. Mimi ni mfanyabiashara, sijawahi kumpuuza mteja tangu niweke meza ile. Nikamwacha asimame, nikaingia mstari wa nne.